Kapteni Mbaye Diagne: Muislamu Aliyevusha Roho za Watu Kigali

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) kwa kutufikisha tena katika Ramadhan, mwezi wa kufunga tumbo na kuufunga ulimi pia.

Kila mwaka katika mwezi huu tunasoma habari za masahaba na maimamu wakubwa, na ni haki yao kusomwa. Leo lakini naomba tumtazame mtu wa juzijuzi, mtu aliyevaa magwanda ya jeshi, akavuta sigara, akapenda utani, wala hakuacha kitabu hata kimoja cha dini. Alikufa akiwa na miaka 36. Jina lake Kapteni Mbaye Diagne, wa Senegal, na kazi yake kubwa aliifanya Kigali, mji mkuu wa Rwanda, kwa muda wa siku hamsini na kidogo tu.

Huenda kijana wa Awasi akauliza: Rwanda na sisi wapi na wapi? Ndugu yangu, sisi na Rwanda tumeunganishwa na maji. Mto Kagera unakusanya maji ya Rwanda, unapita mpakani na Tanzania, kisha unamwagika katika ziwa hili letu kwa upande wa Uganda. Kati ya Aprili na Julai 1994 mto ule haukuleta maji peke yake. Ulileta maiti. Wanaume, wanawake, watoto wachanga, wengine wamefungwa mikono. Wavuvi wa Uganda ndio waliowatoa majini, na zaidi ya 10,000 kati yao wamezikwa katika makaburi ya pamoja ya Kasensero, Lambu na Ggolo. Watu wengi wa kando ya ziwa waliacha kula samaki kwa muda, wakiogopa. Ni ziwa hili hili la mbuta, ngege na omena tunazofuturu nazo baadhi ya siku. Kwa hiyo usiseme ni mambo ya mbali.

ALIKOTOKA

Mbaye alizaliwa tarehe 18 Machi 1958 huko Coki, mji wa kaskazini mwa Senegal unaojulikana nchi nzima kwa chuo chake cha kuhifadhisha Qur'an. Lakini alikulia Pikine, kitongoji cha watu wa kipato cha chini nje ya Dakar, nyumba zimebanana, watoto wengi, riziki ya kubahatisha. Walikuwa watoto tisa nyumbani. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu, akasoma Dakar, na baada ya hapo akaingia jeshini. Senegal ilimpeleka Morocco, katika chuo cha kijeshi cha Meknes, akatoka ofisa.

Tangu 1989 hadi 1993 aliongoza kikosi huko Bignona, jimbo la Casamance, ambako kulikuwa na vita vya waasi waliotaka kujitenga na Senegal. Naitaja habari hii kwa sababu moja. Mtu huyu hakuwa mgeni wa bunduki, alikuwa ameshaona vita na vifo. Kwa hivyo lile alilokuja kulifanya baadaye Kigali tusilichukulie kuwa ni ujasiri wa mtu asiyejua hatari. Aliijua vizuri sana. Na nyumbani alikuwa ameacha mke na watoto wawili wadogo.

Mwaka 1993 akapelekwa Rwanda. Wakati ule serikali ya Rais Habyarimana na waasi wa RPF walikuwa wametia saini mkataba wa amani Arusha, tarehe 4 Agosti 1993, na Umoja wa Mataifa ukaleta askari wa kulinda amani chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Mbaye hakuwa katika wale wenye silaha. Alikuwa mwangalizi wa kijeshi, yaani mtu wa kutazama, kuandika na kupeleka ripoti. Hana bunduki. Ana gari jeupe lenye herufi za UN, na kofia ya buluu.

Ramadhan ya mwaka 1414 Hijria ilimkuta huko. Iliisha katikati ya Machi 1994, na baada ya Idi hazikupita hata wiki nne.

KAZI YA KUTAZAMA TU

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Rais Habyarimana na Rais Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikitua Kigali. Usiku ule ule vizuizi vikawekwa barabarani. Kulipokucha mauaji yalikuwa yameshaanza, na yalidumu kama siku mia moja. Umoja wa Mataifa unakadiria watu 800,000 waliuawa, serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Waliolengwa walikuwa Watutsi, kila Mtutsi, mzee mpaka mtoto wa tumboni, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki.

Mmoja wa hao Wahutu alikuwa Waziri Mkuu, Bi Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Rwanda. Wanajeshi wa serikali yake mwenyewe walimuua yeye na mumewe asubuhi ya tarehe 7 Aprili, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Watoto wake walikuwa wamefichwa katika nyumba za wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, karibu tu na hapo. Wauaji wakipata habari watarudi.

Mbaye alisikia. Hakuna mkubwa aliyempa amri. Kwa kweli amri ilikuwa kinyume chake, waangalizi walikatazwa kujiingiza katika shughuli za kuokoa raia. Yeye akaenda, akawachukua wale watoto, akawapitisha njia iliyojaa wauaji mpaka Hoteli ya Mille Collines ambako alikuwa akikaa. Baadaye wakatolewa nchini, wakapelekwa Uswisi. Wako hai kwa sababu ya mtu mmoja aliyekataa kutazama tu.

Ingeweza kuishia hapo, naye angekuwa amefanya mengi kuliko wengi wetu. Lakini huyu bwana alianza kufanya hivyo kila siku.

SIGARA NA UTANI

Hebu tueleze kizuizi ni nini, ingawa kwa wasomaji wa Awasi sidhani kama kuna haja. Wale waliokuwa watu wazima Januari 2008 wanajua barabara ya Kisumu kwenda Kericho ilivyokuwa: mawe, magogo, matairi yanawaka, na vijana wanaouliza jina lako na kabila lako, na jibu lako ndilo litakaloamua kama utafika. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa Kenya nzima katika ghasia zile. Na kabla ya hapo, mwaka 1992, wazee wetu wa Kano na majirani zetu wa milimani walichomeana nyumba katika mapigano ya mpakani. Siyafananishi mambo haya na ya Rwanda kwa ukubwa, maana kule ilikuwa ni mpango wa kumaliza watu wa kabila zima. Nafananisha lile swali linaloulizwa kizuizini.

Rwanda hilo swali lilijibiwa na kitambulisho. Kabila lilikuwa limeandikwa ndani yake, mtindo ulioletwa na Wabelgiji enzi za ukoloni. Kikionyesha Mtutsi, panga. Na vizuizi havikuwa kimoja au viwili, kila baada ya mita mia kadhaa palikuwa na kimoja, kimesimamiwa na wanamgambo wa Interahamwe, wengi wao vijana wa umri wetu, wamelewa, wana mapanga, marungu na mabomu ya mkono.

Mbaye aliwapitisha watu humo. Aliwapakia watatu, wanne, mara nyingine watano katika gari lake, akawaficha anavyojua, akaendesha. Akifika kizuizini anasimama, anashuka, anasalimia kama vile amekutana na marafiki. Anatoa pakiti ya sigara. Anapiga porojo, anawachekesha, anawauliza habari za kazi, wale jamaa wanacheka, mti unainuliwa, anapita. Kisha kizuizi kingine, na kingine. Akifikisha hao anarudi kuchukua wengine. Wenzake wanasimulia kwamba sura yake ya tabasamu na meno yake yenye mwanya vilijulikana Kigali nzima, wauaji wenyewe wakawa wanamwita kwa jina.

Mwandishi wa habari wa BBC, Mark Doyle, alikuwa naye garini siku moja. Kizuizini mwanamgambo mmoja mwenye bomu mkononi akamtazama yule mzungu na kudai kwamba ni Mbelgiji, na wakati huo Mbelgiji alikuwa hana maisha. Mbaye akaingilia kati kwa utani, akasema Mbelgiji ni yeye, akionyesha ngozi yake nyeusi tii. Yule kijana akacheka, na hasira ikamtoka. Doyle amesimulia kisa hicho mara nyingi, akisema kuwa ndicho kilichomwokoa.

Lakini si kila mara utani ulitosha. Katika kanisa la Sainte-Famille, ambako maelfu walikuwa wamekimbilia, askari mmoja alimtoa mwanamke nje ili ampige risasi. Mbaye alikimbia akasimama katikati ya bunduki na yule mama, akamkemea yule askari mpaka akaondoka. Kumbuka mkononi hana hata kisu.

Sasa ndugu zangu, kuna jambo ambalo najua wengine watalinong'ona, bora tuliseme waziwazi. Wanaosimulia habari zake wanasema pale vizuizini hakutoa sigara peke yake. Alitoa pesa, na wakati mwingine pombe. Muislamu anagawa pombe! Tena alikuwa akidanganya, akificha watu na kusema hana kitu. Mimi si mufti wala sina elimu ya kutoa fat'wa, hayo nawaachia masheikh wetu. Lakini madrasa tulifundishwa mlango wa dharura, na aya ya 32 ya Suratul Maidah inayohusu kuiua na kuihuisha nafsi moja kila mtoto wa chuoni ameisikia. Nikiweka chupa upande mmoja na watu watano waliolala chini ya mablanketi garini upande wa pili, mimi kwa akili yangu sioni mizani inayumba. Asiyekubali na aniandikie, lakini kwanza ajiulize angefanya nini yeye pale pale, dakika ile ile, mti haujainuliwa.

Na Dallaire, mkubwa wake, alijua? Alijua. Amesema baadaye kwamba alifumba macho kwa makusudi, kwa sababu Mbaye alikuwa anafanya lile ambalo Umoja wa Mataifa wenyewe ulipaswa kulifanya. Tarehe 21 Aprili, damu ikiwa inamwagika kila mtaa, Baraza la Usalama la New York lilipitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi cha askari wapatao 2,500 kibaki na watu 270. Mataifa makubwa yalikuja na ndege yakachukua raia wao, mpaka mbwa wao kwa habari tunazosoma, yakaondoka. Kapteni kutoka Pikine akabaki.

Aliokoa wangapi? Hakuweka daftari, na hilo ni jambo la akili kwa sababu daftari lingekamatwa. Wengine wanakadiria 500, wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilitaja kama 600, wapo wanaosema hata 1,000. Wengi walipelekwa wachache wachache, garini, siku baada ya siku.

MUISLAMU MWINGINE

Ningeweza kuendelea moja kwa moja hadi mwisho wa maisha yake, na makala yangekuwa matamu. Lakini sitakuwa nimewatendea haki wasomaji.

Waislamu wa Rwanda wakati ule walikuwa wachache, na wana sifa yao. Katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, Kigali, familia nyingi za Kiislamu ziliwaficha Watutsi, Waislamu kwa wasio Waislamu, na baada ya vita watu wengi waliingia katika dini kwa sababu ya waliyoyaona. Tunapenda kuisimulia habari hiyo misikitini, na ni ya kweli. Habari ambayo hatuisimulii ni ya Hassan Ngeze.

Ngeze naye ni Muislamu, mtu wa Gisenyi, mwandishi wa habari. Mwaka 1990 alianzisha gazeti lililoitwa Kangura. Desemba mwaka huo huo likachapisha kile kilichoitwa amri kumi za Wahutu, ambazo zilimhesabu msaliti Mhutu yeyote atakayeoa Mtutsi, kumwajiri au kufanya naye biashara. Hakuna panga lililoinuliwa siku hiyo. Ilikuwa ni karatasi na wino tu. Miaka mitatu baadaye, Julai 1993, ikaja redio ya RTLM, muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, vijana wakaipenda, na katikati ya muziki Watutsi wakiitwa mende. Mende ni kitu gani? Ni kitu unachokikanyaga bila kujiuliza mara mbili. Mtu akisikia neno hilo kila siku kwa miezi, siku akikabidhiwa panga kazi kubwa moyoni mwake inakuwa imeshafanyika. Mauaji yalipoanza, redio hiyo ikawa inataja majina ya watu na mahali walipojificha.

Ngeze alikamatwa Mombasa, hapa hapa Kenya, Julai 1997. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, na kwenye rufaa ya 2007 kikapunguzwa kuwa miaka 35.

Kwa hiyo tuna watu wawili. Wote wanaelekea Qibla moja, na nadhani wote walifunga Ramadhan ile ya 1994 katika nchi moja ndogo. Mmoja alitumia kipaji chake cha maneno kuwafanya majirani waonekane wadudu. Wa pili alitumia kipaji hicho hicho, mdomo na ucheshi, kuwatoa watu hao hao mdomoni mwa mauti. Na sisi Kenya tunayajua maneno ya aina ya mende. Rift Valley watu waliitwa madoadoa. Huku kwetu nako kuna majina tunayowaita majirani wa mlimani, na wao wana yao ya kutuita sisi, na vijana wa siku hizi tunayasambaza kwa simu tukicheka, hata baada ya kufuturu, hata katika grupu za WhatsApp zenye jina la msikiti. Nimeyasoma humo kwa macho yangu, uchaguzi ukikaribia yanaongezeka.

TAREHE 31 MEI

Idi ya kuchinja ya mwaka ule iliangukia kama tarehe 20 au 21 Mei, Kigali ikiwa inanuka maiti. Hatujui aliisali wapi. Siku zake za kukaa Rwanda zilikuwa zinakaribia kwisha, na nyumbani walikuwa wanamngoja.

Asubuhi ya tarehe 31 Mei alikwenda upande wa jeshi la serikali kuchukua ujumbe wa mkuu wa majeshi, Augustin Bizimungu, aufikishe kwa Dallaire. Akawa anarudi peke yake garini. Alipokuwa kwenye kizuizi cha wanajeshi wa serikali, kombora la mota lililorushwa na upande wa RPF, likiwa limelengwa kizuizi kile na si yeye, likaanguka nyuma ya gari. Vipande vikapita kioo cha nyuma vikampiga kichwani. Alifariki pale pale. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Hata mfuko wa kuwekea maiti haukuwepo katika kikosi kile, kwa jinsi walivyokuwa wameachwa bila vifaa. Wenzake walitafuta turubai la buluu la misaada, wakalikata na kumkunjia humo. Waliokuwepo wanasema mapigano yalitulia kidogo, na maofisa ambao walikuwa wameona kila kitu kwa wiki nane walilia kama watoto. Akasafirishwa Senegal, akazikwa kwa heshima zote za kijeshi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo hakutajwa. Katika filamu na vitabu vya mwanzo kuhusu Kigali, sifa nyingi walipewa watu wengine. Mwaka 2005 nchi yake ikampa nishani ya taifa. Tarehe 4 Julai 2010 Rwanda ikamtunuku nishani ya Umurinzi, inayotolewa kwa waliopambana na mauaji ya kimbari. Na tarehe 8 Mei 2014, miaka ishirini baada ya kumpuuza Dallaire alipoomba askari zaidi, Baraza la Usalama likaanzisha kwa azimio namba 2154 medali ya ushujaa wa kipekee yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne. Mjane wake aliipokea New York mwaka 2016.

Aprili 7 ndiyo siku ambayo dunia inawakumbuka waliouawa Rwanda. Mwaka 2024, kumbukumbu ya miaka 30, iliangukia ndani ya kumi la mwisho la Ramadhan.

Medali ile ilitolewa tena Mei 2019, safari hii kwa askari wa kawaida wa Malawi, Chancy Chitete, ambaye hakuwepo kuipokea. Novemba 2018, karibu na Beni, mashariki ya Kongo, alirudi chini ya risasi za waasi kumwokoa mwenzake aliyejeruhiwa, Mtanzania, asiyekuwa wa nchi yake. Chitete alipigwa risasi akafa. Mtanzania yule alipona.